Wakwea miamba na vita ya kilo

Ukimtazama Janja Garnbret akining'inia ukutani kwa ncha za vidole, unaweza kudhani siri yake ni wepesi tu. Ndivyo walivyoamini makocha wengi wa kukwea miamba kwa miaka: punguza kilo, mtu apande juu. Hesabu hiyo ina ukweli wake, maana vidole vinabeba mwili mzima, na kilo 2 zikitoka tofauti inaonekana fasta. Balaa linakuja baadaye. Mwili usiopata msosi wa kutosha kulipia tizi unaanza kujila wenyewe: mifupa inadhoofika, homoni zinavurugika, wanawake wanakosa hedhi, majeraha hayaponi.

Mwaka 2023 mambo yalilipuka. Madaktari wawili wa kamisheni ya tiba ya shirikisho la dunia, IFSC, walijiuzulu wakilalamika kwamba hatua hazichukuliwi. Garnbret, Mslovenia aliyebeba dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, naye akalisema hadharani. Mwaka 2024 ikaja kanuni mpya: chama cha taifa kithibitishe kwanza afya ya mchezaji ndipo apate leseni ya kimataifa. Mpira ukarudi kwa benchi la ufundi.

Sasa kocha autafute wapi ushindi? Kwenye nguvu za vidole, na huko hakuna njia ya mkato. Dozi ya kawaida ni kuning'inia kwenye ubao mwembamba kama sekunde 10, kupumzika dakika 2 au 3, kisha kurudia mara chache. Basi! Shabiki wa soka aliyezoea kuona wachezaji wakikimbizwa ufukweni mpaka ulimi nje ataona utani. Lakini kano hukomaa polepole kuliko misuli. Bega linasema twende, kidole kinasema subiri. Kinda ndiye wa kuchungwa zaidi, kwani mifupa ya vidole vyake bado inakua, na akizidishiwa mzigo huvunjika pale pale inapokulia.

Kupaza sauti hakukumpunguzia Garnbret makali. Paris 2024 alitetea dhahabu kwa pointi 168.5, Brooke Raboutou wa Marekani akifuata na 156.

Los Angeles 2028 kukwea kwa kamba kutakuwa na medali yake peke yake. Huko ukuta ni mrefu, mikono inachoka, na kila kilo inaonekana ghali. Makocha wenye tamaa wataitazama mizani tena.