Mapenzi Hayapimi Presha

Kwenye msiba mmoja hapa Milola, mkoani Lindi, si muda mrefu uliopita, mtu aliyeombwa kutoa nasaha alisimama akatuambia tumshukuru Mungu kwa kuwa sisi si Wazungu. Wazungu, alisema, huwatupa wazazi wao kwenye makao ya wazee. Mzee wa Kiafrika hana haja ya mipango ya serikali wala ya daktari wa kumfuata nyumbani, kwa sababu ana watoto. Watu wakaitikia. Mimi nilishindwa. Marehemu tuliyetoka kumzika alikuwa bibi mwenye watoto, na alikufa mgongo wake umeliwa na vidonda vya kulala.

Bibi yule hakutupwa. Alipendwa. Wanawe wawili wanahangaika na biashara Kariakoo, na walikuwa wakituma pesa kwa simu. Binti yake yupo hapa, ana shamba la ufuta na mikorosho michache, na kila jioni akirudi alimkanda mama yake. Kiharusi kilikuwa kimempooza bibi upande mmoja. Aliyeshinda naye mchana kutwa ni mjukuu wa kike, aliyeachishwa shule kwa kazi hiyo. Mtoto yule alimlisha uji, akamfulia, akampepea. Hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa 2. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mgonjwa wa namna hiyo huketishwa wima kabla ya kulishwa, uji usije ukaingia mapafuni. Hakuna aliyepita hata mara moja kupima presha. Familia ilitoa mapenzi yote iliyokuwa nayo, na mapenzi hayapimi presha.

Hilo ndilo ninalolipigia kelele. Kumtunza mzee aliyelala ni kazi yenye ujuzi wake, na ujuzi hauji kwa kuzaliwa mtoto wa mtu. Ukisikia mwanamume anajisifu kwamba "familia inatunza", muulize ni nani hasa katika familia hiyo anayeamka usiku kubadilisha shuka. Hutasikia jina lake wala la kaka zake. Utasikia jina la mke, la binti, la mjukuu. Tumechukua mzigo wa taifa tukamtwika msichana wa miaka 13, kisha tunasimama misibani kujipongeza kwa mila nzuri.

Eti makao ya wazee ni mambo ya Wazungu! Sebleni na Welezo ziko Unguja, Limbani iko Pemba. Wanaolelewa humo si Wazungu. Kuna mwingine aliniambia kwamba zamani wazee waliishi vizuri bila madaktari. Zamani aliyepata kiharusi hakukawia kuzikwa, na hiyo ndiyo sababu hamkumbuki kumwona amelala miaka minne. Mtu anayeita hali hiyo maisha mazuri hajawahi kumwosha mgonjwa.

Lakini wanaoniuma zaidi ni madaktari, kwa sababu wao wanajua. Mimi mwenyewe nilimpeleka mama yangu hospitalini, amevimba miguu, anasahau hata jina langu. Daktari alimtazama kidogo tu, akaniambia, "Huo ni uzee, mama, mrudishe nyumbani apumzike." Uzee si jina la ugonjwa. Kule wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakawapima wenye miaka 70 na kuendelea, wakakuta zaidi ya 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ugonjwa huo unatambulika, una namna yake ya kutunzwa, na familia inaweza kufundishwa. Huku kwetu mwenye ugonjwa huo huambiwa amerogwa au amerudi utotoni, na akiwa mwanamke mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, katika mikoa mingine ya nchi hii huitwa mchawi na kukatwa mapanga. Daktari akinyamaza, mganga wa ramli ndiye anayetoa majibu.

Tena sera tunayo. Sera ya Taifa ya Wazee ilitungwa mwaka 2003, ikamtambua mzee kuanzia miaka 60 na kuzungumzia matibabu ya bure kwa asiye na uwezo. Miaka 20 ikapita Bara bila sheria ya kuipa meno. Tumepewa dirisha la wazee hospitalini na bango la kumpisha mzee kwanza. Mzee anapishwa, anafika dirishani wa kwanza, anaandikiwa dawa, anaambiwa akanunue duka la nje. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi, na mwaka 2020 ikatunga sheria ya wazee. Sisi wa Lindi tumekaa miaka tukisimuliwa utajiri wa mradi wa gesi wa Likong'o, lakini Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga ndipo ilipoonekana rufaa ya mgonjwa wa kusini imeshikiliwa na makalavati.

Nani wa kulisema hili likasikika? Bibi wa kitandani haandamani. Mjukuu wake hana mbunge. Madaktari wana chama, wana sauti, na mwaka 2012 walipogoma nchi nzima ilisimama kuwasikiliza. Kwa UKIMWI waliweza. Dawa za bure zilipoanza mwaka 2004, hakuna daktari aliyesema familia inatosha. Wahudumu wa majumbani walifundishwa, wakaingia vijijini kwa miguu na kwa baiskeli, wakawaonyesha ndugu namna ya kumtunza mgonjwa. Njia ile ile aliyopita mhudumu yule inafika mlangoni kwa mzee aliyepooza.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Madaktari wasimamie kwa nguvu zao zote kwamba kila mhudumu awe na orodha ya wazee wa kijiji chake, kipimo cha presha mkononi, na siku ya kumfundisha anayemtunza mgonjwa nyumbani. Wadai utabibu wa wazee ufundishwe kwa uzito unaostahili kwa kila anayesomea udaktari na uuguzi. Wadai dawa za presha na kisukari zisikosekane zahanati, na pensheni ya wazee Bara kama ilivyo Visiwani. Na yule mtoto wa kike arudishwe darasani. Chama cha Madaktari kiyabebe madai haya hadi kwa Waziri wa Afya, na kiyashikilie kama kilivyowahi kushikilia madai ya mishahara.