Fotokopi za vitabu zinawaumiza waandishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu watu wanaotoa fotokopi kitabu kizima, wakakipiga gundi na kukiuza. Mtindo huu upo hapa Mwanza, na ukiwauliza wanakujibu kwamba mwandishi amekwisha kufa, hivyo hakuna anayedhulumiwa.

Jibu hilo si kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mzee wetu Aniceti Kitereza wa Ukerewe alifariki mwaka 1981. Kwa hesabu hiyo kitabu chake kina wenyewe mpaka mwaka 2031.

Na mzee huyo alikwisha kungoja vya kutosha. Alimaliza kuandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate wa kumchapia. Ikabidi akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, yeye akiwa amepita miaka 80. Miaka 35! Leo mwenye mashine anavuna jasho hilo kwa asubuhi moja.

Tangu zamani mwenye mtambo ndiye mwenye sauti. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1557, haki ya kuchapa ilishikwa na chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London. Mwandishi akishauza muswada wake, basi, hana chake tena. Ni sheria ya mwaka 1710 iliyomtambua, nayo ilimpa miaka 14 tu, na 14 mingine akiwa bado hai.

Hata hivyo tusiwalaumu wa fotokopi peke yao. Mwanafunzi hununua fotokopi kwa kuwa kitabu chenyewe hakionekani. Mimi nimezunguka maduka ya vitabu mjini nikitafuta kitabu hicho kwa Kiswahili, nimetoka mikono mitupu. Kwa Kiingereza kipo tangu mwaka 2002, kimetafsiriwa na Gabriel Ruhumbika. Hata Wajerumani wanacho kwa lugha yao. Je, mjukuu wa Ukerewe akajifunze Kijerumani kwanza?

Naomba COSOTA waje huku Kanda ya Ziwa wawaeleze wenye mashine sheria kabla ya kuwakamata. Na wenye haki ya kitabu hicho wakichape upya, kwa bei ambayo mwalimu wa Nansio ataimudu.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza.