Kura inahama, deni inabakia

Siye batu ba mine tunajua: kazi ikihama, mji unabakia na shida. Mutazame Detroit, mji wa magari kule Marekani. Mu 1950 ilikuwa na batu zaidi ya 1.800.000, mu 2010, karibu 714.000. Bazungu wengi walihamia miji ya pembeni, kodi ikahama nao. Mu 2013 mji ukafilisika, na wazee walioutumikia wakakatwa pensheni. Leo weusi wengi nao wanaishi pembeni, kama Southfield, na wilaya ya Oakland, ngome ya Warepublikani zamani, inachagua Wademokrati. Kura inafuata mwenye kuhama. Deni inamungojea mzee mwenye kubakia. Basi, bandugu, tuulize mine ingali wazi: kodi yake inajenga nini kwetu?