Kuku wa Kilosa Wanasingiziwa

Pale Mikumi, wilayani Kilosa, mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama, biashara ya mayai ya kuchemsha hailali. Ndoo, chumvi kwenye kikaratasi, kachumbari, pilipili. Yai linamenywa chini ya dirisha kabla dereva hajapiga honi. Mwezi uliopita nilimkuta pale mama mmoja kutoka vijiji vya ndani, kaja na trei mbili za mayai ya kienyeji, na mwenye genge kazikataa. "Yananuka haya. Kuku wenu wanakula uchafu." Mama hakujibu. Alizifunika trei kwa kanga, akaenda kukaa kivulini. Hela ile alikwisha kuipigia hesabu ya madaftari.

Ni kweli mayai ya kuku wa nyumbani wakati mwingine huwa na ladha mbaya. Nimewahi kula yenye shombo, nimewahi kula yenye harufu ya mafuta ya taa. Lakini sababu zinazotajwa mitaani nyingi si za kweli, na zile za kweli watu hawazitaji. Mwenye kuumia ni mfugaji.

Tuanze na hilo la uchafu, maana ndilo linalowavunjia watu heshima. Kuku anayejitafutia hula mchwa, panzi, funza, mbegu za majani, makombo ya ugali, na ndiyo, hupekua jalalani. Ila yai si mfuko wa alichokula. Chakula husagwa kwenye firigisi, humeng'enywa tumboni, kikapita kwenye ini kabla ya kufika kunakotengenezwa yai. Ute karibu wote ni maji na protini ambazo kuku anazitengeneza mwenyewe. Vinavyoweza kupenya hadi kwenye kiini ni vitu vichache, hasa vinavyoyeyuka kwenye mafuta. Mchwa hatii yai harufu, wala panzi. Cha kuogopa jalalani ni kile ambacho huenda kisionekane kwenye ladha ya yai: oili chafu ya gereji, mabaki ya dawa za kuulia wadudu, makopo ya rangi. Baadhi ya sumu hizo hujificha kwenye mafuta ya kiini na ulimi hauzigundui. Mzuie kuku asifike gereji. Panzi mwachie.

Wengine husema kosa ni la jogoo, kwamba yai lenye mbegu lazima liwe na harufu ya damu. Si kweli. Yai lenye mbegu na lisilo na mbegu, yakiwa mabichi ya jana, hakuna ulimi utakaoyatofautisha. Hata lile doa la damu unaloliona kwenye kiini halitokani na jogoo. Ni kimshipa kilichopasuka ndani ya kuku wakati kiini kinaachia, na linatokea hata kwa kuku ambaye hajawahi kuona jogoo.

Lakini hapa ndipo penye jambo lenyewe, na naomba tukae nalo kidogo. Kuku wa kienyeji hatagi pale unapotaka wewe. Hutafuta kichaka, nyuma ya lundo la kuni, juu ya dari la jiko, ndani ya pakacha kuukuu. Mtoto anakigundua kiota siku ya 12, anarudi mbio na mayai 10 ndani ya kofia, nyumba nzima inafurahi. Katika hayo 10, la mwisho limetagwa asubuhi ileile. La kwanza lina karibu wiki 2 kwenye joto la Kilosa, na kama mama yake ameshaanza kuatamia, lina hali nyingine kabisa. Yai likiatamiwa, siku ya 3 au ya 4 mishipa ya damu imeshajichora juu ya kiini. Yote 10 yanaingia trei moja. Mnunuzi akivunja lile la kwanza, anahukumu kuku wote wa kijiji.

Dawa yake haihitaji fedha. Kusanya kila siku, mara mbili wakati wa joto. Jioni liweke yai kwenye tochi ya simu gizani. Ukiona nyuzi nyekundu kama mizizi, mrudishie kuku. Au litie kwenye bakuli la maji: bichi hulala chini, la zamani husimama, viza huelea. Yule mama wa Mikumi alikuwa na ndoo ya maji hatua 5 kutoka alipokaa. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Sasa dagaa, wanaosemwa kutia yai shombo. Hapa wasemaji wana nusu ya ukweli. Dagaa wa chakula cha kuku mara nyingi ndio waliokataliwa na walaji: walinyeshewa, wakaota ukungu, mafuta yao yakaharibika. Wakizidi kwenye mchanganyiko, shombo huhamia kwenye kiini. Dagaa wakavu, safi, kwa kiasi kidogo, hawana ubaya.

Nusu ya pili haisemwi. Shombo ile ni ya kemikali iitwayo trimethilamini. Bakteria wa tumboni mwa kuku huitengeneza pia kutokana na kolini, kirutubisho kilichomo hata kwenye soya, na kwa kawaida ini huigeuza ikawa haina harufu. Kuna kuku wasioweza kazi hiyo. Mwaka 2005 watafiti wa Finland walionyesha kwamba chanzo ni hitilafu katika jeni moja, na imeonekana zaidi katika koo za kuku wa mayai ya kahawia. Kuku aliyeirithi kwa baba na kwa mama hutaga yai la shombo, na mwenzake anayekula naye bakuli moja hutaga yai safi. Vijijini kwetu kienyeji na chotara wamechanganyika kwa miaka mingi. Kwa hiyo kabla hujamwaga chakula chote, tia alama ya kalamu kwenye mayai ya kila kuku, uyaonje. Huenda wa kulaumiwa ni mmoja kati ya kumi.

Mashudu ya alizeti nayo yanasingiziwa shombo. Ilonga, hapahapa Kilosa, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kinachotafiti alizeti, na zao hili ni letu, msiliogope. Mashudu ya pamba ndiyo ya kuangalia, maana yana gosipoli, nayo hukigeuza kiini kuwa na rangi ya kijani kibichi au kahawia yai likikaa.

Kuhusu chanjo ya mdondo sitarefusha. Ni tone moja la jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Haibadilishi ladha ya yai. Anayeikataa kwa kuogopa ladha, mdondo ukipita atabaki na banda tupu. Antibayotiki ni suala jingine: mayai ya siku za dawa usiyauze mpaka muda ulioandikwa kwenye pakiti upite, hata kama hayana harufu yoyote.

Na kiini cheupe si kiini kibovu. Rangi ya njano hutoka kwenye majani na mahindi ya njano. Kuku aliyefungiwa na pumba za mahindi meupe atatoa kiini kilichopauka; mpe mchicha, rangi itarudi.

Wengi hudhani kuosha mayai ndiko kuondoa harufu. Kinyume chake. Ganda lina maelfu ya vitundu, na juu yake kuku huacha utando mwembamba wa kuviziba. Ukilisugua yai kwa maji umeutoa utando, na maji ya baridi huvuta uchafu kuingia ndani. Kisha trei inawekwa dukani kati ya dumu la mafuta ya taa, sabuni, na gunia la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Yai hunyonya harufu hizo zote. Lile la mafuta ya taa nililokula lilitoka duka la namna hiyo. Kuku hakuwa na habari.

Mwisho ni jikoni. Yai lililochemshwa nusu saa, kisha likashinda kwenye ndoo ya maji ya moto, hufanya pete ya kijani kuzunguka kiini. Salfa ya ute imekutana na chuma cha kiini, na harufu yake ni ya yai viza hata kama lilitagwa jana. Dakika 10 za kuchemka zinatosha, kisha lizamishe kwenye maji ya baridi.

Kwa hiyo, mama, ukirudishiwa trei, usikubali kuambiwa kuku wako wanakula uchafu. Omba bakuli la maji, tia mayai mbele ya mnunuzi, toa yaliyoelea, uuze yaliyobaki. Na kama shombo ipo kweli, badilisha chakula, usimchinje kuku wiki hiyohiyo. Kiini huchukua siku kama 10 kukua ndani ya kuku, na yai utakaloonja kesho lilianza kutengenezwa kwa chakula cha wiki iliyopita.