Kabla ya kutuletea mbegu, mupime udongo wetu



Kila mara watu wakizungumza juu ya OGM, yaani mbegu zilizobadilishwa jeni, wanauliza: mwenye kula atagonjwa? Sisi tunaongeza swali lingine: udongo utabakia namna gani?

Ng'oa shina la maharagi huko Masisi ao Kabare. Kwa mizizi utaona vidonge vidogo-vidogo. Ndani yake muko bakteria zenye kukamata nitrojeni ya hewa na kulisha mmea. Kwa mama asiyekuwa na franga za kununua mbolea ya duka, hiyo njo mbolea yake.

Hatutaki kuogopesha watu bure. Tangu 1996, Marekani na Argentina wanalima soya yenye kuvumilia glifosati, dawa ya kuua magugu. Lakini dawa hiyo inaweza kusumbua hata bakteria za mizizi ya soya. Tafiti zingine ziliona soya inakamata nitrojeni kidogo, zaidi wakati wa ukame. Zingine hazikuona tofauti kubwa. Kwa mahindi ya Bt, yenye kujitengenezea sumu ya kuua wadudu, watafiti wa New York walionyesha mwaka 1999 kwamba mizizi inatoa sumu hiyo ndani ya udongo, nayo inajishika kwa udongo wa mfinyanzi. Tafiti nyingi za nyuma zilisema vijidudu vya udongo havikubadilika sana.

Sawa. Lakini udongo wa volkano wa Kivu si udongo wa Marekani. Jibu la shamba la mwengine haliwezi kuwa jibu la shamba letu.

Na wakati unapita. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kuondoa katazo la OGM. Mbegu haiombi visa kwa mupaka.

Kwa hiyo tunaomba Serikali mambo tatu:

1. INERA ya Mulungu ipewe feza za kupima udongo wetu, misimu mingi, mbele ya ruhusa yoyote.
2. Matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, wamama wa shamba wayasikie.
3. Dawa zenye kuandamana na mbegu zipimwe nazo, si mbegu peke yake.

Hatukatai sayansi. Tunaiomba ifike hata kwa shamba la mama. Udongo ukichoka, hakuna mukubwa atakuja kuulima kwa nafasi yetu.