Ufunguo Ubaki kwa Wenyeji

Toleo hili lote tumelitenga kwa makumbusho ya jamii, yale yanayoendeshwa na kijiji, ukoo, parokia au kikundi cha wazee, kwa kiingilio kidogo na nguvu za watu wanaojitolea. Msimamo wetu tunautaja mapema: halmashauri na wafadhili wanaotaka kuyasaidia waanze na posho ya mtunzaji na ukarabati wa paa. Jengo jipya lingoje.

Nenda Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yalianza miaka ya 1950, padri Mkanada David Clement aliposhirikiana na wenyeji. Banda moja limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa kisheria Tanganyika, na ngoma zilizokuwa alama ya mamlaka zikabaki bila mtawala wa kupigiwa. Zingeweza kuozea kwenye maghala ya koo au kuuzwa. Pale Bujora bado ziko katikati ya watu wenye historia yao: wakati wa sherehe za Bulabo, zinazoandamana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, uwanja hujaa wachezaji wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyorithishana ushindani kizazi hadi kizazi. Mtoto aliyekuja kushangilia chama cha babu yake anaweza kuingia bandani, akauliza ngoma ile ni ya nani, akajibiwa kwa Kisukuma. Jumba la mjini, hata liwe na taa nzuri namna gani, haliwezi kumpa hilo.

Ila ngozi ya ngoma hukauka ikapasuka, na mchwa hawasubiri mwaka wa fedha. Anayepaswa kuyaona hayo mapema ni mtunzaji, na mtunzaji asiye na posho ataondoka msimu wa kilimo ukifika. Hana kosa, ana watoto wa kulisha.

Kingine kinachohitajika ni daftari la vitu vilivyohifadhiwa. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alipiga picha vigango viwili vya familia moja ya Wagiriama wa Kenya, ile miti iliyochongwa na kusimikwa kwa ajili ya waliotangulia. Muda si mrefu vikaibwa. Baadaye vilionekana katika makumbusho ya Marekani, na ile picha ndiyo iliyothibitisha vilikotoka. Mwaka 2007 vikarudi Kenya. Picha hiyo ilipatikana kwa bahati, mgeni alipita na kamera. Wangapi waliibiwa bila mgeni kupita? Leo simu ya kawaida inatosha. Kinachokosekana ni mtu aliyefundishwa kuandika jina la kitu, mwenye kitu, ukubwa wake na alama zake, kisha kutunza nakala mahali pa pili. Makumbusho ya taifa yana wataalamu wa kazi hiyo. Tunawaomba waende vijijini kufundisha, na vitu wanavyovikuta huko waviache huko.

Wapo wanaohofia kwamba koo zitagombania mali. Zitagombana, ndiyo, na wazee wamezoea kuamua magomvi ya namna hiyo. Halmashauri ifungue fungu la matunzo katika bajeti yake ya kawaida, liwe dogo lakini lije kila mwaka, na hesabu zake zisomwe kwenye mkutano wa kijiji.