Mkebe, Utepe na Jina la Soko

Wiki hii twaingia jikoni, lakini si kwa ajili ya mapishi. Katika kabati la nyumba ya kawaida ya mwambao wetu, kati ya mchele na bizari, vimekaa vitu ambavyo asili yake ni vita, na ni nadra mtu kuvitazama kwa jicho hilo. Majarini tunayopaka kwenye mkate ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869, pale Napoleon III alipotaka mafuta ya bei nafuu ya kuwalisha askari wake pamoja na maskini. Suruali ya kaki anayoivaa mtoto kwenda skuli imepata jina lake kutoka neno la Kiajemi na Kiurdu lenye maana ya vumbi, kwa kuwa wanajeshi wa Kiingereza kule India waliichagua rangi hiyo wasionekane kwa mbali. Hayo ni madogo. Mkebe ndio wenye kisa.

Mwanzoni mwa karne ya 19 majeshi ya Ufaransa yalikuwa yakipigana mbali na kwao, na chakula kikawa kinaharibika njiani. Mfaransa mmoja, Nicolas Appert, mpishi na fundi wa vyakula vitamu, alitumia miaka mingi kutafuta dawa ya jambo hilo. Mwaka 1810 serikali ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aieleze siri yake katika kitabu ili watu wote waijue. Siri yenyewe haikuwa kubwa: chakula hutiwa katika chupa, chupa huzibwa barabara, kisha huchemshwa ndani ya maji kwa muda mrefu. Kwa nini hakiozi? Appert mwenyewe hakujua. Habari za vijidudu zilikuja kuelezwa na Louis Pasteur kiasi cha nusu karne baadaye. Mama yeyote anayetia achari ya maembe chupani na kuianika juani ataufahamu ujuzi wa namna hii, ambao mkono hutangulia na maelezo yakafuata.

Mwaka huohuo, kule London, Peter Durand alipata hataza ya kutumia mkebe wa bati badala ya chupa, na kufikia 1813 kiwanda cha Bryan Donkin kilikuwa kikitengeneza nyama ya mikebe kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Hapa ndipo penye ajabu. Walikuwa wamefikiri namna ya kuufunga mkebe, lakini hakuna aliyefikiri namna ya kuufungua. Mikebe ya siku hizo ilikuwa mizito na yenye kuta nene. Mmoja uliochukuliwa katika safari ya nahodha William Parry kwenda bahari za barafu mwaka 1824 ulikuwa na maelezo yanayomwamuru mlaji atumie patasi na nyundo. Askari vitani waliitoboa kwa singe za bunduki zao. Kifungulio cha kwanza kupewa hataza Marekani, cha Ezra Warner, kilikuja mwaka 1858, yaani miaka 48 baada ya mkebe wenyewe. Twadhani jambo hili lingeulizwa jikoni, lisingengoja nusu karne.

(Kuna wasomaji wetu, hasa waliokulia na mbuzi na kifumbu, wasiokubali hata kidogo kwamba tui la mkebe ni tui. Ugomvi huo hatuuingii.)

Appert mwenyewe hakufaidika sana. Kiwanda chake kiliharibiwa na majeshi yaliyoivamia Ufaransa mwaka 1814, naye alifariki mwaka 1841 akiwa fukara.

Ikiwa katika kisa cha mkebe hakuna aliyeulizwa, kuna mama mmoja aliyesema bila ya kuulizwa. Jina lake Vesta Stoudt, Mmarekani wa jimbo la Illinois. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha, akifungasha risasi maalumu za kurushia makombora madogo kwa bunduki. Visanduku vyake vilizibwa kwa utepe wa karatasi, kisha vikachovywa katika nta visiingie maji. Ncha ndogo ya utepe iliachwa nje ili askari aivute na kisanduku kifunguke. Bi Stoudt aliona kwamba ncha ile ilikatika upesi, na askari aliyezingirwa na adui angebaki akiparura nta kwa kucha. Akawashauri wakubwa wake watumie utepe wa kitambaa usiopenya maji. Hawakuupinga ushauri wake, lakini pia hawakufanya lolote.

Bi Stoudt alikuwa na wana wawili katika jeshi la majini. Tarehe 10 Februari 1943 alikaa akamwandikia barua Rais Roosevelt, akamweleza kasoro ile na dawa yake, akachora na michoro. Barua ilipelekwa kwa wahusika wa utengenezaji wa vifaa vya vita, wakakiri kwamba mama huyu amesema kweli, na kampuni ya Johnson & Johnson ikatakiwa kuutengeneza utepe huo. Ndio asili ya ule utepe mpana wa kitambaa, wenye gundi kali, ambao leo mafundi wa nyumbani hufungia mpira wa maji uliotoboka, na baba wa nyumba hufungia kila kitu asichojua kukitengeneza.

Sodo nayo ina asili ya karibu na hiyo. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, kampuni ya Kimberly-Clark ilikuwa na pamba ya bandia iliyotokana na mti, yenye kufyonza majimaji kuliko pamba ya kawaida, na ilitumika kufungia vidonda vya majeruhi. Wauguzi wa kike waligundua wenyewe kwamba inawafaa katika siku zao za hedhi. Vita vilipokwisha, mabaki yakawa mengi na majeruhi hawapo, ndipo kampuni ikakumbuka walichokuwa wakikifanya wauguzi wale, na mwaka 1920 sodo za kwanza za Kotex zikaingia madukani. Hapa Kenya kodi ya sodo iliondolewa mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ikaamuru wanafunzi wa kike wa skuli za serikali wapewe bure. Kina mama wenye mabinti skulini ndio wanaojua ni zipi zinazofika na ni zipi zinazobaki katika karatasi.

Sasa turudi kwa mkebe, kwani mkebe hauna miguu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipokimbizana katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki, farasi na maksai walikufa kwa ndorobo, na barabara zilikuwa chache. Kila mkebe wa nyama, kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lilibebwa kichwani mwa mtu, takriban kilo 25 kwa kila mmoja. Wachukuzi hao waliandikishwa katika kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalikata jina likawa Kariakoo, na kwa Nairobi likawa Kariokor. Wengi hawakwenda kwa hiari. Wagiriama wa hapa kwetu walioinuka mwaka 1914, baada ya kushindwa kwa bunduki, walitozwa faini na kutakiwa watoe vijana wao kwa kazi ya uchukuzi.

Ajabu ya wachukuzi hawa ni kwamba risasi haikuwa ndiyo iliyowamaliza. Waliuawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu, na sababu moja kubwa ilikuwa chakula: unga wasiouzoea, uliopikwa upesi bila ya kuiva, kwa watu waliotembea kutwa. Waliobeba nyama ya mikebe iliyohifadhiwa kwa ujuzi wa Appert waliugua kwa ugali mbichi. Hesabu za serikali yenyewe zilikiri vifo vya zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanaona kuwa idadi ya kweli ni kubwa zaidi.

Mishahara ya wengi waliokufa ilibaki bila ya kulipwa. Kulikuwa na maofisa wachache waliodai fedha hizo ziwafikie jamaa zao au zitumike kwa manufaa ya wenyeji, lakini London ilikataa. Barua ya Bi Stoudt ilijibiwa, na wajane wa Kariakoo hawakuwa na wa kumwandikia. Katikati ya Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, yamesimama masanamu matatu ya ukumbusho wa vita hivyo, na mmoja wa watatu hao ni mchukuzi. Na soko la Kariokor lingalipo, ambapo kina mama huuza vyondo, nasi tukishuka kwenye matatu hulitaja jina lile kwa utingo kama tunavyotaja jina la kituo chochote.